Unga wa Mizizi

Nilishona nguo za watu Kibomet, Kitale, miaka mingi, kwa cherehani ya kukanyaga, hadi magoti yakakataa. Rafiki yangu ndiye aliyeniletea dawa. Tuliimba kwaya moja, na yeye ndiye aliyesimamia ubatizo wa binti yangu. Karibu na soko la Kitale aliuza unga wa mizizi aliosema unatoka Mlima Elgon. Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni. Wiki haikuisha nikawa napanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Kila mteja wangu nilimtuma kwake.

Miezi ilipopita, tumbo likaanza kuniwaka. Nilipomwambia alinishika bega. "Dawa inatafuta ugonjwa, dada. Ongeza kijiko."

Nikaongeza.

Nilianguka nikiwa Mabanga kwa binti yangu, baada ya kutapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa. Alinikimbiza hospitali Bungoma. Daktari akaniuliza kama natumia vidonge vya maumivu. Niliapa kwamba situmii. "Ni mizizi tu," nikamwambia, na binti yangu akatoa kopo mkobani. Daktari alimwaga unga kidogo kwenye karatasi nyeupe, akauchambua kwa ncha ya kalamu, kisha akanionyesha vipande vidogo vyenye ganda la rangi ya machungwa.

"Mama, humu wamesaga vidonge vya maumivu." Akavuta kiti. "Seli zilizotanda ndani ya tumbo na utumbo zina vimeng'enya vyake vya kujikinga. Kila siku vinazima sumu inayozaliwa humo humo ndani ya seli. Sasa wewe umemeza vidonge hivi miezi yote hii. Sumu ikazidi, vimeng'enya vikalemewa, na ule utando wa ndani ukachubuka mpaka ukatoka damu."

Nilielewa nusu. Nusu nyingine ilinipita, maana nilikuwa nausikia ule mkono wa rafiki yangu begani.

Niliporudi Kitale nilienda moja kwa moja kwenye meza yake karibu na soko.

"Unaweka vidonge?"

Hakukana. "Mizizi peke yake inachelewa, bana. Watu wanataka kupona leo. Si magoti yaliacha kuuma?"

"Na mama yako? Yeye pia magoti yanamsumbua. Unampa hii?"

Akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangwa tayari. "Mama nampa ile ya mizizi tupu. Tumbo lake haliwezi."

Nilitaka kupindua ile meza. Badala yake nilikaa kwenye kreti la soda. Akaniletea maji, nami nikayanywa. Hilo bado linaniudhi.

Tumbo lilipona polepole. Niliwaambia wanakwaya wote. Wawili walitupa makopo yao. Wengine wanasema namwonea wivu kwa biashara yake. Yeye bado anasimama safu ya mbele, sauti nzuri vilevile. Mimi nimehamia kanisa jingine, mbali kidogo, na naenda nikichechemea.