Farasi wa Ndhiwa Aliyefunga na Kuomba

Safari hii ilianza na simu. Mwanamume nisiyemjua aliniambia kwamba farasi wake amekataa kutembea, na kwamba dawa ameshaijua mwenyewe: viatu. Alichotaka ni mtu wa kuvipigilia kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa alikuwa na mkutano wa kampeni Rodi Kopany na alikusudia kuingia sokoni akiwa juu ya farasi. Mimi ni fundi wa kwato huko Nairobi, na nimezoea wateja wanaonifundisha kazi yangu. Lakini farasi anayekataa kutembea si jambo la kucheka. Nikapakia tupa, koleo, nyundo, misumari na viatu vipya vya chuma, nikaondoka.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la kupitia Narok na Kisii. Jirani yangu wa kiti aliuliza vyuma vile ni vya nini. Nilimweleza ni viatu vya farasi. Tulipokuwa tunapita Bomet akaniambia kwamba yeye ana watoto wanne na wote wanakwenda shule pekupeku. Nikajifanya nimelala.

Rongo nilipokewa na Ouma, dereva wa mwenye farasi, ambaye pia ni meneja wake wa kampeni na mpiga picha wake. Gari lilikuwa na picha kubwa ya bosi mlangoni. Njia nzima Ouma alimwita Mheshimiwa, nami nikauliza ni mheshimiwa wa wapi. Akanieleza kwamba bado hajachaguliwa popote, hata kamati ya josho la ng'ombe ilimshinda, ila jina limetangulia na kiti kitafuata. Tulipita Rodi Kopany, tukaingia barabara ya Ndhiwa nyuma ya trekta lililodondosha miwa kila lilipopita kwenye shimo.

Tulifika jioni, jua likiwa bado lipo. Farasi anaitwa Jenerali. Nilimkuta katika zizi la sakafu ya saruji, lililopakwa rangi za kampeni. Miguu ya mbele ameinyoosha mbele, uzito wote ameuegemeza nyuma, jasho linamtoka na hakuna aliyemkimbiza. Niliweka kiganja kwenye ukwato, ukawa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nilijua ugonjwa wake kabla sijafungua mkoba, na nilikasirika. Nikauliza anakula nini.

Kumbe alikuwa anakula kila kitu. Mheshimiwa aliona ni aibu mnyama wa hadhi ile kula nyasi kama ng'ombe wa jirani, kwa hiyo alipewa mahindi na molasi. Wageni nao hawakuja mikono mitupu: kila mmoja alileta muwa na kupigwa picha akimlisha. Mama mzazi wa Mheshimiwa, mzee mwenye sauti ya upole, ndiye aliyezidi wote. Kila asubuhi alimkorogea uji wenye sukari, kwa kuwa farasi ametoka mbali na mgeni hashindi njaa kwake.

Niliwaeleza polepole. Sukari na nafaka nyingi kiasi hicho huwasha kwato kwa ndani, zikaanza kuachana na mfupa. Nikipigilia msumari hapo na mtu apande juu, mfupa unaweza kushuka hadi utokeze chini ya wayo, na farasi wa namna hiyo hainuki tena. Mama alikaa chini palepale kwenye saruji, akaanza kulia. Alisema alidhani anampenda.

Mheshimiwa alinitazama kama aliyeletewa bili isiyo yake. "Fundi, nimekuita upige viatu, si kutoa hotuba," alisema. "Hotuba ni zangu."

"Basi Ijumaa utapanda mzoga," nilimjibu.

Alilalamika kwamba mabango yameshachapishwa, na kwenye kila bango yumo yeye akiwa juu ya Jenerali. Ouma naye aliuliza watu wataambiwa nini wakiona farasi amelala na amekatazwa miwa. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na hasira imenipanda. "Waambieni amefunga na kuomba," nilisema, nikiwa na nia ya kuwatukana.

Kisha Mheshimiwa akatabasamu, tabasamu lilelile la mabango. "Kwa ajili ya wakulima wa miwa," alisema taratibu. Ouma alikuwa ameshatoa simu anaandika.

Jumanne tulifanya kazi. Nilimng'oa Jenerali viatu vya zamani, vilivyolika upande mmoja, nikapunguza ncha za kwato kwa tupa na kumfungia vipande vya godoro chini ya nyayo. Ouma alileta mchanga wa Mto Kuja tukaumwaga zizini, ili asimame mahali palipo laini. Mama alishika ndoo, akawa anamwagia miguu maji ya baridi tangu asubuhi hadi jioni, wala hakukubali kupokewa. Chakula kikawa nyasi kavu tu, tena kidogo.

Ijumaa, Rodi Kopany. Mheshimiwa alisimama juu ya pikapu akatangaza kwamba farasi wake hatagusa muwa wala molasi hadi siku ya kura, kwa uchungu alio nao kwa mkulima anayecheleweshewa malipo. Wanawake walipiga vigelegele. Mchungaji mmoja aliombea kwato. Mzee aliyesimama karibu nami aliuliza kwa sauti mbona mwenye farasi hajafunga, akiwa na tumbo lile. Mheshimiwa alijibu kwamba kiongozi anahitaji nguvu za kubeba mizigo ya watu, na watu, Mungu awasaidie, wakapiga makofi.

Kufikia jioni vijana wa kampeni walikuwa wamejipanga langoni kwa Mheshimiwa na marungu, kuhakikisha wapinzani hawaingii kumshawishi Jenerali kwa muwa. Kwa miaka yangu yote nimewaandikia wateja maagizo ya lishe, na hakuna aliyewahi kuyafuata. Haya yalilindwa kama sanduku la kura.

Jumatatu iliyofuata Jenerali alitembea mwenyewe hadi kwenye maji. Alitembea kwa woga, lakini alitembea, nami sikuona haya kufuta machozi mbele ya Ouma. Nilimwachia Mama maagizo: mchanga, nyasi kavu, na asipandwe na mtu kwa miezi mingi. Nilirudi na viatu vyangu vyote mkobani. Nilichojifunza ni kwamba kwato nyingi nilizoziona zimeharibika, zimeharibiwa na mapenzi zaidi kuliko barabara.

Mama alinisindikiza hadi Rongo, akaninunulia njugu za njiani. Ouma alibaki kwenye gari akipanga mabango. Basi lilikuwa bado, tukakaa kwenye benchi la kibanda cha chai.

"Nyathina," alisema, maana alikuwa ameshaniita mwanawe, "sasa kura ikiisha, itakuwa aje? Akishinda, hao watu wote watakuja kusherehekea, watamlisha Jenerali miwa mpaka alale chini. Akianguka, hatataka hata kumuona. Atabaki na mimi tu, hapo kwa mchanga." Aliniwekea njugu mkononi. "Wewe unaomba nini?"

Sijawahi kujali siasa za watu. "Naomba aanguke, Mama," nilisema.

Aligeuka kutazama gari, mahali ilipokuwa picha ya mwanawe, kisha akanisogelea.

"Ongea polepole," alisema. "Hata mimi."