Jaketi Lililojaa Hewa Ukutani

Jaketi la kuelea nililoliacha tupu ukutani jioni, nililikuta asubuhi limejaa hewa. Lilikuwa limetuna kifua na mabega, mikanda ikining'inia, nami nikasita mlangoni kama mtu anayekuta mgeni ameshafika. Mtungi wa hewa ulikuwa umebaki kwenye gari la wazamiaji. Ufunguo wa karakana ulilala kwangu.

Karakana yangu iko nyuma ya soko la Machakos. Kazi yangu hasa ni kuziba maturubai na mipira ya magurudumu. Lakini kuna wazamiaji wa kujitolea, wanaotafuta watu waliozama mabwawani, ambao huniletea majaketi yao, kwa sababu ndani ya jaketi mna mfuko tu, na mfuko ni kitu ninachokijua. Nauosha kwa maji safi, natoa matope kwenye vali, napaka sabuni kwenye mishono nikitafuta povu.

Jaketi la aina hii likihifadhiwa huachiwa hewa kidogo ili kuta za mfuko zisigandane. Wao hawafanyi hivyo likiwa limepandisha maiti. Wanasema hewa ya safari ile isilale chini ya paa. Aliyelivaa hulilaza mezani na kulikandamiza kwa viwiko mpaka liishe kabisa. Jioni ile kiongozi wao alilikandamiza mbele yangu. Wavuvi wawili walikuwa wamezama bwawani, upande wa Ekalakala, naye alikuwa amempata mmoja. Wa pili alikuwa bado chini, na mama yake alikuwa ameketi ukingoni akimngoja.

Kiongozi huyo alipokuja kulichukua, alisimama palepale niliposimama mimi.

"Umelijaza wewe?"

"Sijaligusa."

"Basi ni baridi ya usiku."

"Baridi hupunguza hewa. Ungeniambia ni jua ningekubali."

Akacheka, ingawa hakuingia. "Kama ni pepo, fundi, huyu ni wa maana. Amenipunguzia kazi ya kupuliza."

Nililifungua mezani. Springi ya vali ilikuwa nzima, hakukuwa na chembe ya mchanga. Nikalizamisha kwenye beseni, halikutoa povu hata mahali pamoja. Jaketi lao lingine lilikuwa limechanika begani na gundi yake ilikuwa bado mbichi. Kwa hiyo ama avae hili, ama asizamie.

"Hili likijijaza ukiwa chini," nikamwambia, "litakurusha juu kwa ghafla. Mapafu yatapasuka."

"Najua."

"Basi ngoja kesho, gundi ikauke."

"Fundi, yule mama ananiita mwanangu. Nitamwambia nini, ati jaketi liko na tabia mbaya?"

Tulikubaliana jambo moja. Bomba linalotoa hewa kwenye mtungi na kuipeleka kwenye jaketi, nililing'oa. Akihitaji kuelea, angepuliza kwa mdomo wake. Nikaenda nao bwawani, na lile bomba nikalishika mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu alirudishe kwa mazoea.

Mama alikuwa amejifunika leso kichwani. "Leo utamleta?"

"Mwaitu, tuombe," akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba, akaingia majini.

Maji yalikuwa ya kahawia na hayakuonyesha kitu. Mwenzake alishika kamba yake. Ilikuwa ikitetemeka kidogo kidogo, kisha ikalegea yote kwa mara moja, na kabla yule mwenzake hajaanza kuivuta, wakatoka pamoja, mzamiaji na aliyezama, kifua kwa kifua. Jaketi lilikuwa limekaza mpaka shingoni. Mama aliingia majini mpaka magotini, akashika mguu wa mwanawe.

Tulimlaza mzamiaji kwenye nyasi. Damu ilimtoka puani, lakini alikuwa anapumua vizuri. Meno yake yaligongana kwa baridi ya huko chini.

"Ulipuliza mara ngapi?" nikamuuliza.

Alitikisa kichwa. "Sikupuliza. Nilikuwa bado namfunga kamba, na mpira wa kupumulia uko mdomoni. Ningepuliza na nini?"

Bomba lilikuwa mkononi mwangu. Akaniomba nilifungue jaketi, lilikuwa linambana. Nilivuta vali ya bega, nikaweka kiganja pale hewa inapotokea, kama ninavyofanya karakanani. Ilitoka polepole, nayo ilikuwa na joto kama pumzi ya mtu.