Chumba cha Gemu cha Kaka Shabani

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya televisheni ya zamani ndiyo iliyotupokea kila tulipoingia katika chumba cha gemu cha Kaka Shabani, pale Mafiga. Ilikuwa masika, mvua zikiteremka kutoka milima ya Uluguru na kuufanya uchochoro wetu tope jekundu, nasi watoto tukivua ndala mlangoni na kubanana kwenye benchi. Gemu ilikuwa moja tu, ya mpira, iliyotolewa toleo jipya kila mwaka, na Morogoro nzima iliizungumzia. Msichana nilikuwa peke yangu. Siku ya kwanza wavulana walinicheka, wakaniambia nikasukwe nywele. Kaka Shabani, kijana mwembamba aliyetembelea gongo tangu alipougua polio, akawakatisha: "Hapa anakaa anayetaka kucheza. Mdogo wangu, njoo nikufundishe." Nilipomfunga bingwa wa mtaa mabao manne, Kaka Shabani alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha likaja toleo lililoharibu kila kitu. Wachezaji walikimbia kama waliofungwa kamba miguuni, na mpira ulipenya mwilini mwa kipa. "Vumilieni," alitusihi, "mwakani watairekebisha." Mwaka uliofuata ikawa mbaya zaidi. Ng'ambo ya barabara kikafunguliwa chumba kingine chenye gemu mpya na skrini bapa, na wavulana wakahama mmoja mmoja. Nikamwuliza, "Kaka, si na wewe ulete hiyo nyingine?" "Mimi mpira wangu wote nimeuchezea humu," akasema. "Nikiiacha hii, nitakuwa nimeacha mpira."

Jumamosi moja nilimdanganya. "Kaka, leo sikai, nina mitihani." Akanijibu, "Haya, kasome, mdogo wangu." Baada ya muda, nikiwa nimekaa mbele ya ile skrini bapa, niligeuka dirishani nikamwona amesimama mlangoni kwake, ananitazama. Hakuniita. Alinipungia mkono, akarudi ndani. Mimi nikaendelea kucheza. Tangu siku hiyo nilipita njia nyingine kwa aibu, hadi mama aliponiambia kwamba Shabani amefunga chumba na kuhamia Kisaki kwa dada yake. Alipita kutuaga nikiwa shuleni.

Juzijuzi nilisikia kwamba gemu ile haitengenezwi tena. Nikatafuta namba mpaka nikampata dada yake. Baada ya shikamoo, nikamwulizia. "Mwanangu, Shabani tulimzika mwaka juzi," akasema. "Alikuwa akikutaja. Kila mgeni alimsimulia habari za binti wa mabao manne."

Leo mwanangu ana gemu chungu nzima kwenye simu. Hucheza na watu asiowajua hata kwa sura, na ikimchosha moja huifuta, akapakua nyingine. Namtazama bila kumlaumu. Yeye hajamwacha mtu yeyote mlangoni. Mimi nilimwacha, na alinipungia mkono.