Mama Klara Atubu Mbele ya Askofu

Kwa miaka miwili Zipora, mama Klara, aliketi nyuma kabisa katika kanisa la kijiji cha Isaka pamoja na wanaosubiri ubatizo, bila kuikaribia Meza ya Bwana. Kosa lake lilikuwa kupika pombe ya mtama. Aliyemshtaki ni Maige, mzee wa kanisa, na ushahidi alikuwa nao wa kutosha, maana alikuwa mteja. Hayo Zipora angeyameza. Lakini mumewe, Ngassa, alipofariki, Maige alikataza kengele isigongwe: nyumba ile, alisema, iko chini ya adhabu. Ngassa, aliyebatizwa kabla ya Maige, akazikwa kimya. Tangu hapo Zipora alisali kwa bidii kubwa, na ombi lake lilikuwa moja tu.

Lilijibiwa mwaka 1954, alipokuja askofu kutoka Uingereza kumkabidhi Maige barua ya uinjilisti. Ili mgeni aone jinsi uamsho ulivyowaka pale, Maige mwenyewe alipanga watu watubu hadharani baada ya mahubiri. Desturi yao ilikuwa ngumu kidogo: unataja dhambi zako, si za jirani.

Zipora akasimama.

“Bwana Yesu asifiwe. Nilipika pombe, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba niliitia maji. Mzee Maige, ulikuwa unakuja kila Jumamosi na kibuyu chako, nami nakupunja. Nisamehe, baba.”

Maige akaanzisha wimbo. Hakuna aliyeitikia. Askofu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko walivyomdhania, akainua mkono.

“Mzee, mama anaomba msamaha. Unamsamehe?”

Kusamehe ilikuwa kukiri kibuyu. Kukataa kusamehe, tena kanisani, ilikuwa mbaya zaidi. Angeweza kukana tu, na pengine angekana, kama si uchungu wa mnywaji aliyepunjwa.

“Nilijua,” alisema. “Si nilikwambia ina maji? Ukaniapia haina.”

Wanawake wakajifunika khanga midomoni. Askofu akairudisha barua mkobani taratibu, akatangaza sadaka.

Zipora aliongezewa miezi sita ya adhabu. Akarudi nyumbani ameshiba moyo, ila kitu kimoja kilimkera njia nzima: pombe yake haikuwahi kutiwa maji, hata tone.