Mifupa ya Ngisi Niliyoisugua

Asubuhi ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Unajua huku kwetu Mugoma ukungu hujaa bondeni mpaka migomba inabaki vichwa tu. Mimi, msichana ambaye sikuwa nimewahi kuvuka mipaka ya Ngara, niliamini bahari inafanana hivyo.

Aliyenitia bahari kichwani ni Mwalimu Sefu, mtu wa Kilwa, aliyeletwa katika kijiji chetu cha ujamaa kufundisha kisomo cha watu wazima. Alikuja na kopo lenye mifupa kumi na miwili ya ngisi, myeupe, myepesi kama chaki. Ngisi, viumbe wa baharini, alituambia, wana mfupa mmoja mgongoni, na kila aina ina wake. Wakiwa hai hubadili rangi kumshinda kinyonga. Nikilala nilikuwa nawaona wakielea juu ya migomba, taratibu, wakigeuka kahawia, kisha zambarau.

Vita vya Kagera vilipoanza, Mwalimu akaenda na wanamgambo. Kopo aliniachia mimi.

"Leokadia, nitunzie."

Nikatunza kweli! Niliposikia anarudi, nikaitoa mifupa. Ilikuwa na mikwaruzo ya penseli, imefifia, nikaidhani uchafu. Nikaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, nikajiona msichana wa maana sana.

Alirudi asubuhi ile ya ukungu, akichechemea. Nikampa shikamoo, akaitika, akafungua kopo. Akaugeuza mfupa mmoja baada ya mwingine.

"Hapa palikuwa na maandishi ya marehemu baba yangu," akasema. "Herufi za Kiarabu. Kila mfupa aliandika ni wa ngisi gani, alimwona wapi."

Nililia, mwanangu. Nilitamani ukungu unifunike.

"Hukukusudia ubaya," akaniambia. "Ulikuwa na haraka ya kuwa mwema. Sasa kaa chini, utazame."

Asubuhi tatu tulikaa nje ya darasa, bonde limejaa weupe. Huu wenye mwiba mkiani, Mwalimu alinionyesha, ni wa yule mkubwa mwenye mistari. Huu mpana ni wa yule anayekaa penye majani. Huu mdogo, mwembamba, ni wa yule anayejifukia mchangani. Siku ya tatu nilifumba macho nikaitambua yote kwa vidole, na Mwalimu akacheka. Lakini mwandiko wa baba yake haukurudi. Mpaka leo unaniuma.

Sasa wewe umeolewa juzi tu, na unaniambia kesho utafagia chumba cha mama mkwe wako, utupe makorokoro yake yote ili afurahi. Usitupe kitu, mwanangu. Kaa naye kwanza. Shika kimoja, umuulize hiki ni nini, kisha umsikilize mpaka amalize. Ukiona alama usiyoielewa, iache ilivyo.

Mungu akujalie macho yasiyo na haraka na mikono ya kutunza. Na siku ukiuona ukungu bondeni, unikumbuke. Bado nawaona wale ngisi mle, wanapita.