Buti Zinazovuja Wiki Tatu kwa Mwezi

Wifi yangu alinipeleka kazini kwa gari lake miaka miwili, na kwa miaka miwili hiyo sikuwahi kuhudhuria shughuli yoyote kwa amani. Kila tulipokutana wanawake, iwe arobaini ya mtoto au khitma ya marehemu, alitafuta njia ya kulileta gari lake mazungumzoni. Mtu akilalamikia foleni ya asubuhi, yeye hudakia kwamba foleni anaijua yeye, maana lazima anipitie mimi kwanza. Kisha hunitazama kwa huruma, na wenzake nao hunitazama kwa huruma, nami hutazama zulia.

Sikatai kwamba alinisaidia. Mume wangu, ambaye ndiye kaka yake, ni dereva wa lori na wiki tatu katika nne yuko safarini. Mimi mtihani wa gari niliufeli mara tatu. Mara ya tatu msimamizi aliteremka kabla hatujarudi ofisini kwake, akasema kipande kilichobaki atakwenda kwa miguu. Lakini msaada wenye masimango ni mchanga ndani ya wali, unatafuna huku unasikilizia meno.

Ndiyo maana, mwaka niliotimiza arobaini na sita, nilinunua baiskeli. Mtu wa Tanga hafundishwi baiskeli, kwetu hata bibi harusi anajua kuipanda. Kutoka nyumbani kwangu Springfield, hapa Virginia, Marekani, hadi jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, upande wa Alexandria, ni dakika arobaini nikienda kwa mwendo wa heshima. Mwezi wa tisa, kwenye harusi moja, mbele ya meza nzima, nilimshukuru wifi kwa yote aliyonitendea, nikamwambia kuanzia Jumatatu najipeleka mwenyewe. Nilijisikia kama mtu aliyekabidhiwa cheti.

Wifi alimaliza kutafuna. "Haya," akasema. "Tutaonana Januari."

Baridi haikungoja Januari. Katikati ya Novemba vidole vyangu vya miguu vilianza kufa asubuhi na kufufuka saa nne, na kufufuka ndiko kulikoniliza. Nilijaribu viatu vya mpira vya mvua, nikagundua kwamba mpira haupitishi maji ila baridi unaikaribisha ndani. Nikavaa raba, na ndani yake mifuko ya plastiki ya mkate juu ya soksi mbili. Nilipoingia kazini nilikuwa nikichakarisha ukumbi mzima, na wazee wawili wakafungua milango wakidhani wameletewa kitu cha kula. Baada ya hapo nikaenda kwenye duka la baiskeli.

Mwenye duka alikuwa mwanamume mrefu, mpole, wa umri kama wangu, mwenye grisi kwenye mistari ya vidole. Alinionyesha buti za kuendeshea baiskeli wakati wa baridi: nyeusi, zinapita kifundo cha mguu, ndani zina manyoya mafupi, nje maji hayaingii. Aliniambia nichukue namba moja zaidi ya yangu, kwa sababu kiatu kikibana damu haipiti, na pasipo na damu hakuna joto, hata uvae soksi kumi. Nilimwambia kwetu kiatu kinachopwaya ni cha kuazima. Akasema vidole lazima viweze kucheza. Akanionya pia kwamba mguu wa suruali ukae nje ya buti, si ndani, la sivyo mvua itatiririka hadi kwenye soksi. Nilizilipia huku moyo unaniuma, nikajiambia bei ya uhuru ni hiyo.

Jumatatu niliswali alfajiri, nikavaa buti zangu, nikatoka. Kwa dakika kumi nilikuwa malkia. Dakika ya kumi na tano vidole vikaanza kuuma, na nilipozivua kazini soksi zilikuwa zimelowa nyayo nzima. Jioni ikawa hivyo hivyo. Kesho yake vilevile, na mvua haikuwa imenyesha, ila nyasi zilikuwa na umande, nami nikaulaumu umande. Niliwahurumia watu wa nchi hii wanaouziana vitu kwa maneno matamu.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Wiki ya pili buti zilitulia. Ilinyesha mvua ya kuteremka kwa ubavu siku mbili mfululizo, na miguu yangu ikabaki mikavu na yenye joto kama imetoka kulala. Nikadhani zilikuwa zinahitaji kuzoea. Wiki ya tatu zikaanza tena kuvuja, na wakati huo jua lilikuwa linawaka.

Nilizirudisha. Mwenye duka alizigeuza, akazibonyeza, akaingiza mkono ndani, akasema haoni kasoro, lakini kwa kuwa mimi ni mteja akanipa nyingine za bei ya juu zaidi, nami nikaongeza tofauti. Hizo nazo zilivuja wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Ya nne zikatulia. Mpaka Januari inaingia nilikuwa sina ninachokijua duniani. Wifi naye alikuwa ameanza kunipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza hali, sauti yake tamu mno, na nyuma yake nasikia gari likinguruma. Nilimwambia nina joto la kugawa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika vidole vyangu vya miguu vilivyouma tangu jana, na nilikuwa karibu kulia.

Jumamosi moja nikarudi dukani nikiwa na hasira kamili. Nilimwambia mwenye duka, mbele ya wateja, kwamba buti zake ni mabeseni yenye kamba. Alikwenda nyuma akarudi na beseni lake la kutafutia pancha, akalijaza maji na kuliweka katikati ya duka. Akanipa soksi mpya kavu na kuniomba nizivae, kisha buti, kisha nisimame humo.

Nilisimama humo. Nina hijabu, nina koti refu, nina helmeti mkononi, na maji yananifika kifundoni. Mteja mmoja aliyekuja kununua kengele alichelewa kuichagua kwa makusudi.

Tukiwa tunangoja, mwenye duka alianza kuniuliza kwa upole, kama daktari. Je, zinavuja mvua ikinyesha? Nikasema hata bila mvua. Zinavuja kila siku? Nikasema hapana, zinavuja wiki tatu, wiki moja zinakuwa nzuri. Aliinua kichwa. Wiki moja kila mwezi? Nikasema ndiyo, kila mwezi, na nilishangaa kujisikia nikilisema.

"Wiki hiyo moja," akauliza, "unafanya nini ambacho wiki nyingine hufanyi?"

Wiki hiyo nafanya yote ninayofanya siku zote. Naamka, nachemsha chai, napanda baiskeli, nakatakata karoti za wazee. Hakuna ninachozidisha. Ila kuna ninachoacha, kwa sababu kila mwanamke wa dini yangu ana siku zake za kuacha. Wiki hiyo siswali. Na nisiposwali, sitawadhi. Na nisipotawadha, siingizi ndani ya buti miguu inayochuruzika maji.

Sijui niieleze vipi aibu ya kuelewa jambo ukiwa umesimama ndani ya beseni. Alfajiri natawadha nyumbani, naswali mbio, navaa soksi na buti, natoka. Alasiri, kabla zamu haijaisha, natawadha kwenye sinki la wafanyakazi, mguu mmoja juu mmoja chini, naswali kwenye kichumba cha vitambaa vya meza, navaa soksi na buti, natoka. Wala sifuti maji. Tangu nina miaka saba mama alitufundisha kwamba maji ya udhu hayafutwi, yanaachwa yakauke yenyewe. Tanga yanakauka kabla hujafika kwenye mkeka. Virginia, mwezi wa kwanza, nilikuwa nikiyafungia ndani ya buti bora kuliko zote na kuyapeleka matembezi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa soksini.

Mwenye duka alinivua buti mwenyewe. Soksi zilikuwa kavu kama zilivyotoka kwenye karatasi. Aliziangalia, akaenda kwenye kaunta, akasema hajui tena la kufanya, hizi ndizo za mwisho za kiwango hiki alizonazo. Atanirudishia pesa zangu zote tuachane kwa wema. Akanyoosha mkono kupokea buti.

Hapo ndipo nilipoona Jumatatu yangu. Ningechukua pesa, ningenyamaza, na aibu yangu ingebaki siri. Na Jumatatu ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha gari la wifi, na Jumamosi yake kila mtu kutoka Springfield hadi Bowie, jimbo la jirani, angejua kwamba nimerudi. Nilizikumbatia buti.

"Hazivuji," nikasema. "Maji yanatoka kwangu."

Alinitazama kwa namna ambayo nilielewa mara moja kwamba hakunielewa. Ikanibidi nieleze yote, haraka, kwamba ni miguu, kwamba naiosha kabla ya kuswali na kuivalia soksi kabla haijakauka, na kwamba ile wiki moja ina sababu zake ambazo ni za wanawake. Aliyekuja kununua kengele aliirudisha kengele mahali pake, akatoka nje.

"Kwa nini huikaushi?" akauliza mwenye duka.

Swali la haki kabisa. Nilijisikia nikijibu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto wawili waliomaliza shule, kwamba mama yangu alinikataza.

Hakucheka, na afadhali angecheka. Alifikiri kidogo, akasema kwamba buti isiyoingiza maji haitoi maji pia, halafu akaanza kumwaga beseni. Nilimwomba msamaha kwa maneno ya mabeseni yenye kamba. Akasema ameitwa mabaya zaidi.

Jumapili nilimpigia mama simu Tanga. Nilizunguka kwanza, nikauliza kuku, nikauliza presha yake, kisha nikamwuliza kwa adabu ile hukumu ya kutofuta maji ya udhu aliipata kwa sheikh gani.

"Sheikh gani tena?" akasema mama. "Nyie mlikuwa saba na taulo moja, nalo la baba yenu. Ningesema mnalichafua msingenisikia. Nikasema ni thawabu."

Nikapiga hesabu pale pale. Miaka thelathini na tisa nimelilinda taulo la baba. Baadaye nilimwuliza mwalimu wa msikitini kwetu, naye akaniambia kuyaacha maji yakauke ni vizuri kwa asiye na udhuru, na baridi ni udhuru. Kwa hiyo mama hakukosea kabisa, ila hakuwa anajua hilo. Sijamwambia, asije akapata kichwa.

Jumatatu nilitia taulo dogo mkobani. Nilikausha kidole kwa kidole, nikavaa, nikaendesha dakika arobaini, na nilipofika kazini nikakaa kwenye gunia la viazi nikivichezesha vidole vyangu kumi, vyote hai. Nilifurahi kiasi cha kumbusu mpishi mkuu, mwanamke asiyependa kuguswa.

Alhamisi ya wiki ile theluji ilianguka usiku kucha. Shule zilifungwa, lakini wazee hawafungwi, nao wanataka uji. Njia ya baiskeli ilikuwa imefukiwa, ikabidi nipite barabara ya magari, kwenye kipande kilichokwanguliwa theluji, giza bado halijatoka. Sijafika mbali nikasikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu, kisha linanijia ubavuni. Kioo kikashuka. Alikuwa wifi, na kazi yake iko upande mwingine kabisa.

"Miguu je?" akauliza.

"Mikavu."

"Wasema kweli?"

"Kweli. Na ina joto."

Alinikagua kuanzia helmeti hadi buti, taratibu, na nadhani aliona kwamba sidanganyi, kwa sababu hakunikaribisha ndani. "Haya, enda," akasema. "Mimi naja nyuma yako. Kwa kiza hiki watu hawakuoni."

Nilimwambia hakuna haja. Akapandisha kioo.

Alinifuata njia nzima. Aliwasha taa zote alizonazo, hata zile nyekundu za kuwaka na kuzima, akaja kwa mwendo wa baiskeli, na nyuma yake mstari wa magari ukawa mrefu kama wa maziko ya waziri. Watu walipiga honi. Wifi naye aliwapigia. Kwenye mlima mdogo kabla ya nyumba ya wazee niliteremka kusukuma, na msafara wote ukasimama kuningoja. Nilitamani ardhi inimeze, lakini wakati huohuo niliona njia mbele yangu vizuri kabisa, kila kipande cha barafu, kwa taa zake. Aliponifikisha kwenye mlango wa jikoni aligeuza gari akarudi alikotoka. Nilitazama saa. Alikuwa amechelewa kazini kwa karibu saa nzima.

Jumamosi tulikutana kwenye arobaini ya mjukuu wa jirani yetu. Nilikuwa napanga vikombe nilipomsikia akianza. Akawaambia wenzake kwamba bila yeye ningeshagongwa zamani, kwamba yeye ndiye aliyenimulikia njia, kwamba Virginia nzima ilisimama kwa ajili yangu. Meza ikanigeukia. Walikuwa wananijua, walikuwa wanangoja nikatae.

Nikasema ni kweli. Nikasema alinisindikiza tangu nyumbani hadi mlangoni, kwa mwendo wa baiskeli, na kwamba kazini kwake alichelewa saa nzima, jambo ambalo yeye mwenyewe hajalitaja.

Wifi alikuwa ameshavuta pumzi ya kuendelea. Aliishikilia kidogo, akanitazama, kisha akainua sahani ya kaimati na kuisogeza mbele yangu.