Nzoka ya Mwalimu wa Fizikia

Shikamooni wakubwa, wadogo, hamjambo. Miaka ya tisini nilifundisha fizikia hapa Shinyanga. Nilikuwa mkali, mvutaji sigara, na hakuna aliyewacheka waganga kunizidi. Darasani nilibandika picha ya yule mwanafizikia mashuhuri wa nywele timtim. Nikawaambia wanafunzi, "Huyu aliuawa na kufikiri sana." Uongo mtupu!

Tumbo likaanza kudunda. Juu ya kitovu, du, du, du, hata shati linatikisika. Mgongo nao ukauma. Sisi Wasukuma kitu kinachocheza tumboni tunakiita nzoka, yaani nyoka. Mke wangu akasema, "Baba Nkwimba, twende hospitali." Nikamjibu ni gesi tu. Kumbe moyoni nilishaamini nzoka.

Nikapanda basi kimya kimya hadi Kahama kwa mganga, mbali na macho ya wanafunzi. Akanichanja chale, akanikanda tumbo kwa nguvu zake zote ili nyoka ashuke. Nilitapika. Nilirudi nimejikunja, na mke wangu akanipeleka hospitali.

Daktari alipofunua shati akaona chale mbichi na alama za kukandwa, akanipima tumbo. "Nani kakukanda hivi? Mshipa mkubwa wa damu umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Ungepasuka, mwalimu!"

Jamani, nilimnyooshea mke wangu kidole. "Huyu mama ndiye aliyenipeleka kwa mganga. Mimi ni mtu wa sayansi."

Mama Nkwimba alinitazama, akainama. "Ni mimi, daktari. Mtibuni tu."

Akagombezwa mbele ya wauguzi. Mimi nikavuta shuka hadi kidevuni.

Kisha daktari akanigeukia. "Unafundisha fizikia? Ugonjwa huu ndio uliomuua yule mwanafizikia wenu wa nywele timtim. Mara ya kwanza alipasuliwa akaishi miaka kadhaa. Mara ya pili akakataa kisu. Wewe je?"

Nilikubali. Hospitali ya rufaa walinipasua tumbo zima, wakaunga mshipa wa bandia. Kukohoa tu ilikuwa adhabu. Mama Nkwimba alinisafisha haja zote, wala hakunikumbusha lolote. Hapo ndipo aibu iliponikaba.

Nimepona, na sigara nimeacha. Namshukuru Mungu na madaktari. Nanyi, tumbo likidunda msikubali kukandwa, kimbilieni hospitali mkaseme kweli yote. Mama Nkwimba, simama wakuone. Ndugu zangu, hakunipeleka huyu. Nilikwenda mwenyewe.